Cheti cha Daktari, Mimba na Mkono wa Sheria: Majimbo ya Marekani na Dawa za Jamii ya Afyuni

Sheria zinazohusu heroini zina wepesi mmoja ambao sheria zinazohusu dawa za maumivu hazina, nao ni kwamba nchini Marekani heroini haina matumizi halali ya hospitali, na kwa hiyo anayekutwa nayo hana cheti cha kujitetea. Oksikodoni, haidrokodoni na kodeini ni dawa halali, zinazoandikwa na daktari, kuuzwa na mfamasia na kulipiwa na bima, na mpaka kati ya mgonjwa na mkosaji hutegemea mambo ambayo hayaonekani kwenye kidonge chenyewe: nani aliandikiwa, kwa kipimo gani, kwa maradhi gani, na alimweleza nini aliyemwandikia. Mtumiaji anapokuwa mjamzito, mpaka huo unazidi kufifia, kwa sababu ndani ya mwili wake kimo kijusi ambacho baadhi ya majimbo hukihesabu kuwa mtoto mbele ya sheria ya jinai na mengine hayakihesabu hivyo. Matokeo yake ni kwamba kidonge kilekile, kilichomezwa katika mwezi uleule wa mimba, chaweza kuwa tiba katika jimbo moja, sababu ya kuitwa maofisa wa ustawi wa watoto katika jimbo la jirani, na kosa la kifungo katika jimbo la tatu.

Maneno yanayotumika katika mjadala huu yanahitaji kutenganishwa mapema, kwa kuwa watunga sheria wengi waliyachanganya, na sehemu ya matatizo yaliyofuata ilizaliwa na mchanganyiko huo. Opioidi ni jina la jumla la dawa zote za jamii ya afyuni, ziwe zimetokana na mmea wa afyuni wenyewe, kama mofini na kodeini, au zimetengenezwa maabara, kama fentanili na methadoni. Matumizi mabaya ya dawa za cheti ni kuzitumia kinyume na agizo la daktari: kuzidisha kipimo, kumeza dawa iliyoandikiwa mtu mwingine, kukusanya vyeti kwa madaktari kadhaa, au kutafuta ulevi badala ya nafuu ya maumivu. Utegemezi ni jambo jingine. Ni mazoea ya mwili, ambayo humpata hata mgonjwa mwaminifu anayemeza dawa kwa saa na kipimo alichopewa, na hudhihirika pale dawa inapokatizwa ghafla na mwili ukaingia katika maumivu ya viungo, kutapika, kuharisha, jasho na kukosa usingizi, hali ambayo watumiaji wa heroini wa Dar es Salaam na Mombasa huiita arosto. Uraibu, au uteja kwa lugha ya mitaani, ni maradhi ya mtu kushindwa kujizuia ilhali anaona madhara yanayomfika. Mtoto mchanga anaweza kuzaliwa na utegemezi, lakini hawezi kuzaliwa na uraibu, kwa kuwa hana uwezo wa kuitafuta dawa wala kuichagua, na sheria inayomtaja mtoto "aliyezaliwa mraibu" huwa imekwisha kukosea kabla haijafika kwenye kifungu cha adhabu.

Ukubwa wa tatizo lenyewe hauna ubishi. Dawa ya OxyContin, ambayo ni oksikodoni inayoyeyuka polepole mwilini, iliidhinishwa Desemba 1995 na kuingizwa sokoni mwaka uliofuata na kampuni ya Purdue Pharma, ambayo baadaye, mwaka 2007 na tena mwaka 2020, ilikiri mahakamani makosa ya jinai yanayohusu uuzaji wake. Kufikia 2012, kilele cha mkondo huo, maduka ya dawa ya Marekani yalikuwa yakitoa vyeti 81 vya opioidi kwa kila watu 100 katika mwaka mmoja. Wajawazito hawakuachwa nje: miongoni mwa waliohudumiwa na Medicaid, bima ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, zaidi ya mmoja katika kila watano alichukua dukani angalau cheti kimoja cha opioidi wakati wa mimba katika miaka ya 2000 hadi 2007, mara nyingi kwa maumivu ya tumbo, mgongo au kichwa, yaani kwa maradhi ya kawaida kabisa ya ujauzito. Takwimu za Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, zilionyesha kwamba idadi ya wanawake waliofika leba wakiwa na uraibu wa opioidi ilipanda kutoka 1.5 kwa kila wazazi 1,000 mwaka 1999 hadi 6.5 mwaka 2014. Katika utafiti wa mwaka 2019 uliofanywa na taasisi hiyo kwa wanawake waliojifungua karibuni, asilimia 6.6 walisema walitumia opioidi za cheti wakiwa wajawazito, na kati ya hao mmoja katika kila watano alikiri kuzitumia vibaya. Watoto waliozaliwa na arosto, hali ambayo madaktari huiita kwa kifupi NAS na ambayo humfanya mtoto atetemeke, alie kwa sauti kali, ashindwe kunyonya na kulala, waliongezeka kutoka 1.2 kwa kila vizazi 1,000 mwaka 2000 hadi karibu 6 mwaka 2012.

Hatua za kwanza za kisheria zililenga kidonge na aliyekiandika. Haidrokodoni ilipandishwa Oktoba 2014 na kuwekwa katika daraja la pili la dawa zinazodhibitiwa, ambalo halimruhusu mfamasia kurudia cheti bila agizo jipya. Massachusetts ikawa jimbo la kwanza, Machi 2016, kuweka ukomo wa siku 7 kwa cheti cha kwanza. Na rejista za kielektroniki zinazomwezesha daktari kuona vyeti vyote alivyochukua mgonjwa zikaenea hadi Missouri, jimbo la mwisho, ilipopitisha sheria yake mwaka 2021. Kwa kipimo cha idadi ya vyeti hatua hizi, pamoja na miongozo ya kitabibu, zilifanya kazi, kwani kufikia 2020 kiwango kilikuwa kimeshuka hadi takriban vyeti 43 kwa kila watu 100. Ila kuziba mfereji hakukaushi kiu. OxyContin ilipobadilishwa muundo mwaka 2010 ili isiweze kusagwa kirahisi, sehemu ya watumiaji walihamia heroini, na vifo vya heroini vikapanda katika miaka iliyofuata. Kwa mjamzito mwenye utegemezi ubaya wa kukatiwa ghafla ni mkubwa zaidi, kwa kuwa mtetemeko wa mwili wake unamfikia aliye tumboni, na ndiyo maana mwongozo wa chama cha madaktari wa uzazi wa Marekani, ACOG, uliotolewa mwaka 2017 unapendekeza tiba ya methadoni au buprenofini badala ya kumwachisha dawa. Mamlaka ya Chakula na Dawa, FDA, ililazimika Aprili 2019 kutoa onyo la jumla dhidi ya kuwakatia wagonjwa opioidi kwa ghafla. Daktari anayefungua rejista, akaona vyeti vitatu na kumfukuza mgonjwa kwa kuogopa leseni yake, ameitii sheria kikamilifu na ameusukuma ujauzito huo mtaani.

Kundi la pili la sheria linamlenga mwanamke mwenyewe, na hapa historia inaanza kabla ya dawa za maumivu, katika hofu ya kokaini ya miaka ya 1980. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikwisha kuamua mwaka 1962, katika shauri lililotoka California, kwamba kuwa mraibu peke yake hakuwezi kuwa kosa la jinai, kwa hiyo waendesha mashtaka walitafuta njia ya kuadhibu madhara badala ya maradhi. Mahakama ya juu kabisa ya South Carolina iliwafungulia njia hiyo mwaka 1997 ilipoamua kwamba kijusi kilichofikia umri wa kuweza kuishi nje ya tumbo ni mtoto kwa maana ya sheria ya kutelekeza watoto. Katika jiji la Charleston, jimboni humo, hospitali ya umma ilikuwa imeshirikiana na polisi tangu 1989 kupima mkojo wa wajawazito bila ridhaa yao na kuyakabidhi majibu kwa vyombo vya dola, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikatamka Machi 2001, kwa kura 6 dhidi ya 3, kwamba upekuzi wa namna hiyo unavunja Marekebisho ya Nne ya Katiba. Uamuzi huo ulizuia mbinu ya ukusanyaji wa ushahidi; haukugusa kosa lenyewe.

Alabama ilifika mahali hapohapo kwa njia ya kuzunguka. Sheria yake ya mwaka 2006 ya kuhatarisha watoto kwa kemikali ilitungwa kwa ajili ya watu wanaopika methamfetamini ndani ya nyumba zenye watoto, lakini waendesha mashtaka waliielekeza kwa wajawazito, na Januari 2013 mahakama ya juu ya jimbo ikakubali kwamba neno "mtoto" linamjumuisha aliye tumboni. Adhabu huanzia mwaka 1 hadi 10 gerezani pasipo madhara yoyote kwa mtoto, na hufika miaka 99 mtoto akifa. Mwaka 2016 wabunge waliongeza msamaha kwa mwanamke aliyetumia dawa kwa cheti halali, jambo linaloonyesha kwamba hata wao waliona namna wagonjwa wa kawaida walivyokuwa wakinaswa. Hata hivyo, miaka michache baadaye mama mmoja aliyechukua dawa zake za mgongo kwa cheti chake mwenyewe alishtakiwa kwa udanganyifu, eti kwa sababu hakumwambia daktari kwamba ana mimba, na mashtaka hayo yakafutwa tu baada ya kelele za umma. Msamaha ulioandikwa ndani ya sheria moja haumlindi mtu dhidi ya kifungu cha sheria nyingine.

Tennessee ndiyo inayotoa somo zito kuliko majimbo yote, kwa kuwa ilipitisha sheria mbili zinazopingana ndani ya takriban mwaka mmoja na kuziacha zifanye kazi sambamba. Ya kwanza, ya mwaka 2013, ilihusu mahususi wajawazito wanaotumia vibaya dawa za cheti: ilimtaka daktari amhimize mwanamke aingie katika tiba, ikawapa wajawazito kipaumbele katika vituo vya tiba, na ikaahidi kwamba atakayeanza tiba kabla ya wiki ya 20 ya mimba na kuendelea nayo hatanyang'anywa haki zake za mzazi kwa sababu ya dawa hizo pekee. Ya pili ilitiwa saini na Gavana Bill Haslam Aprili 2014 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai mwaka huo, nayo ilifanya matumizi haramu ya dawa za jamii ya afyuni wakati wa mimba kuwa shambulio dhidi ya mtoto endapo atazaliwa "mraibu" au akiwa ameathirika, kosa ambalo adhabu yake ilifika miezi 11 na siku 29 jela. Ilikuwamo njia ya kujitetea, kwa aliyejiandikisha katika tiba kabla ya kujifungua na kuikamilisha, na watetezi wa sheria walikitaja kifungu hicho kama uthibitisho kwamba nia yao ilikuwa kumsukuma mama kwenye tiba.

Msukumo huo ulihitaji kwanza mahali pa kusukumia. Vituo vinavyompokea mjamzito vilikuwa vichache, vinavyompokea pamoja na watoto wake wakubwa vikiwa vichache zaidi, na mwanamke wa vijijini mashariki mwa jimbo, eneo la milima lenye maradhi haya kwa wingi, alitakiwa kusafiri masafa marefu kila siku kwenda kumeza methadoni. Isitoshe, uraibu ni maradhi ya kurudi, na tiba "iliyokamilika" ni dhana ya mahakamani zaidi kuliko ya hospitalini. Wapo waliokamatwa kwa methamfetamini, ambayo haimo hata katika kundi la dawa lililotajwa na sheria. Kinachoshangaza kuliko yote ni kwamba jimbo lilikuwa na takwimu zake, kwani tangu Januari 2013 Tennessee iliwalazimu wahudumu kutoa taarifa ya kila mtoto mwenye NAS, na taarifa hizo zilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya mama wa watoto hao walikuwa wakitumia angalau dawa moja waliyoandikiwa na mhudumu wa afya. Sheria ya jinai ilikuwa ikiwaka upande mmoja wa nyumba huku moshi mwingi ukitokea upande wa pili.

Matokeo yake yamepimwa. Wanasheria Meghan Boone na Benjamin McMichael, katika uchambuzi wao wa mwaka 2021 uliolinganisha Tennessee na majimbo yasiyokuwa na sheria hiyo, walikadiria kwamba katika mwaka 2015 pekee sheria ilihusishwa na vifo 20 vya vijusi na 60 vya watoto wachanga, na kwamba wanawake walipunguza mahudhurio ya kliniki ya wajawazito. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2019 chini ya uongozi wa Laura Faherty, uliangalia vizazi zaidi ya milioni 4.5 katika majimbo 8 kati ya 2003 na 2014. Mahali pasipokuwa na sheria za adhabu, watoto wenye NAS walikuwa 46 kwa kila vizazi 10,000. Katika mwaka wa kwanza kamili baada ya sheria hizo kuanza walikuwa 57, na baada ya hapo 60. Sheria zilizomtaka mhudumu kutoa taarifa tu, bila adhabu, hazikuonyesha uhusiano wowote wa maana, wa kupunguza wala kuongeza. Ni kweli kwamba jimbo linaweza kutunga sheria kali kwa sababu tatizo lake linazidi kukua, na ulinganisho wa kabla na baada hauondoi shaka hiyo yote. Lakini hata kwa msomaji anayeitilia uzito shaka hiyo, hakuna dalili kwamba adhabu imepunguza chochote, na anayeidai jela ndiye mwenye wajibu wa kuleta ushahidi.

Njia ambayo sheria hizi hupitia ili kuleta madhara si ya kificho. Kliniki ya wajawazito ndipo mahali ambapo shinikizo la damu hugunduliwa, maambukizi hutibiwa na kipimo cha methadoni hurekebishwa kadiri mimba inavyokua, na ndipo pia mahali ambapo mkojo hupimwa. Mwanamke anayejua kwamba mkunga anaweza kugeuka shahidi hupima hatari mbili na mara nyingi huchagua ile isiyoonekana: huchelewa, huhamia jimbo jingine, hujifungulia nyumbani, au hujaribu kuacha dawa peke yake chumbani. Kwa hiyo kila sheria katika uwanja huu inaweza kupimwa kwa swali moja, ikiwa inamleta mwanamke kliniki wiki kadhaa mapema au inamchelewesha, na swali hilo lina manufaa kuliko lile la iwapo sheria ni kali au laini.

Kundi la tatu, la sheria za ustawi wa watoto, hujibu swali hilo kwa utata. Sheria ya shirikisho ya kuzuia ukatili dhidi ya watoto, CAPTA, iliyotungwa mwaka 1974, ilirekebishwa mwaka 2003 ili majimbo yanayopokea fedha zake yawe na utaratibu wa kutoa taarifa na kuandaa mpango wa uangalizi salama kwa kila mtoto aliyeathiriwa na dawa "haramu". Mwaka 2016 Bunge la Marekani lilifuta neno hilo moja. Nia ilikuwa njema, kwamba familia ya mama mwenye matatizo ya dawa za cheti isikose mpango wa msaada, na sheria yenyewe haitamki kwamba taarifa hiyo ni tuhuma ya ukatili. Hata hivyo, katika majimbo ambayo taarifa ya kuzaliwa na simu ya tuhuma hupokelewa na ofisi ileile, mama anayemeza methadoni kwa agizo la daktari alijikuta ameandikwa katika daftari moja na anayetumia heroini. Mahakama ya juu ya New Jersey ilikwisha kulikabili jambo hilo Desemba 2014, katika shauri la mama aliyekuwa na utegemezi wa vidonge vya maumivu, akaambiwa na madaktari kwamba kuacha ghafla kungehatarisha mimba, akaingia katika tiba ya methadoni, kisha akahesabiwa kuwa mkatili kwa sababu mtoto alizaliwa na dalili za NAS. Mahakama ilisema kwamba dalili zinazotokana na tiba halali haziwezi peke yake kuwa ukatili. Ile ya Pennsylvania ilikwenda mbali zaidi mwaka 2018 kwa kuamua kwamba matumizi ya dawa wakati wa mimba si ukatili kwa mtoto chini ya sheria ya jimbo hilo.

Uchaguzi wa nani anapimwa na nani anaripotiwa haujawahi kuwa wa haki. Uchunguzi uliofanywa katika wilaya ya Pinellas, Florida, na kuchapishwa mwaka 1990 ulikuta kwamba wanawake weupe na weusi walitumia dawa wakati wa mimba kwa viwango vinavyokaribiana, lakini weusi waliripotiwa kwa mamlaka mara kumi zaidi.

Zipo sheria zinazomvuta mwanamke mlangoni, na kwa kawaida hazivumi kwa kuwa zinahusu bima na leseni. Mwaka 2010 jaribio kubwa la kitabibu lililinganisha methadoni na buprenofini kwa wajawazito, na watoto wa kundi la buprenofini walihitaji mofini kidogo sana na kukaa hospitalini siku 10 kwa wastani badala ya 17.5, jambo lililowapa madaktari dawa mbili za kuchagua. Lakini kwa zaidi ya miaka 20 sheria ya shirikisho ilimtaka daktari awe na kibali maalumu ili aandike buprenofini, ilhali oksikodoni, iliyowaingiza wengi katika maradhi, haikuhitaji kibali cha namna hiyo. Kinyume hicho kiliondolewa tu mwishoni mwa 2022. Majimbo hayakulazimika kulipia methadoni kupitia Medicaid hadi Oktoba 2020. Bima hiyohiyo ilikuwa ikimwacha mama siku 60 baada ya kujifungua, wakati utafiti wa Massachusetts uliotolewa mwaka 2018 ulikuta kwamba hatari ya kuzidisha kipimo huwa ndogo kuliko wakati wote katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba na kubwa kuliko wakati wote kati ya mwezi wa 7 na wa 12 baada ya mtoto kuzaliwa. Tangu Aprili 2022 majimbo yameruhusiwa kuurefusha muda huo hadi miezi 12, na karibu yote yamefanya hivyo. Massachusetts ilipiga hatua zaidi Desemba 2024 kwa kuondoa sharti la kumripoti mama kwa kuwa tu mtoto alikutwa na dawa za tiba aliyoandikiwa.

Mwelekeo wa upande wa pili nao haujakoma. Baada ya Mahakama ya Juu kuondoa haki ya kikatiba ya kutoa mimba Juni 2022, shirika la utetezi la Pregnancy Justice lilihesabu angalau mashtaka 210 yanayohusu ujauzito ndani ya mwaka mmoja, mengi yakidai matumizi ya dawa, na karibu nusu yake yalifunguliwa Alabama. Sheria ya adhabu ya Tennessee ilitungwa ikiwa na tarehe yake ya kufa, 1 Julai 2016, na wabunge walipoombwa kuiongezea uhai, kamati yao ilikataa, ikafa siku iliyopangwa. Ile ya Alabama haikuwekewa tarehe.